Louis Armstrong: mtoto aliyepewa tari kabla ya tarumbeta

Kwetu pwani hakuna mtoto asiyelijua tari. Msimu wa Maulidi ukiingia, watoto wa madrasa Lamu husimama safu kwa safu, wengine hawajafika hata miaka kumi, kila mmoja na twari lake mkononi, na wote hupiga pigo moja. Atakayewahi au atakayechelewa hujulikana papo hapo, na mwenziwe wa kando ndiye wa kwanza kumtupia jicho. Basi niliposoma maisha ya Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta Mmarekani mweusi ambaye jina lake lilifika kila pembe ya dunia, kilichonishika si tarumbeta yake. Kilichonishika ni kwamba mwalimu aliyemtoa hakumpa tarumbeta. Alimpa tari kwanza, na akamwacha nalo.

Armstrong alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901 mjini New Orleans, kusini mwa Marekani. Mwenyewe maisha yake yote alisema alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, siku ya uhuru wa nchi yao, na watu wakaamini hivyo mpaka rekodi ya ubatizo wake ilipopatikana kanisani miaka mingi baada ya yeye kufa. Babake aliondoka nyumbani mtoto akiwa bado mchanga, akaenda kuishi na mke mwingine. Mamake, Mary Ann, ambaye mtaa mzima ulimwita Mayann, alikuwa msichana mdogo asiye na kazi ya maana. Aliyemlea miaka ya mwanzo ni bibi yake Josephine, mama aliyezaliwa utumwani, aliyekuwa akiishi kwa kufua nguo za watu.

Alipotoka kwa bibi akarudi kwa mamake, alirudi mtaa uliokuwa karibu na njia panda ya Liberty na Perdido. Ulikuwa mtaa wa vilabu vya pombe, kamari, visu na wanawake wanaojiuza. Mtoto alisoma shule ya Fisk iliyokuwa mtaani hapo, lakini shule na njaa havikai pamoja, akaacha mapema. Aliuza magazeti. Aliokota vyakula vilivyotupwa na wauzaji, akavichambua na kuviuza tena. Alifanya kazi kwa familia ya Karnofsky, Wayahudi waliohamia kutoka Lithuania, waliokuwa wakipita na mkokoteni wa farasi kununua vitambaa na chupa kuukuu mchana, na kuuza makaa ya mawe jioni. Kazi yake moja ilikuwa kupuliza kijitarumbeta cha bati ili wateja wajue mkokoteni umefika. Alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba familia hiyo ndiyo iliyomkopesha pesa za kununulia korneti kuukuu, ile tarumbeta fupi, katika duka la vitu vya rehani kwa dola 5. Aliandika pia kwamba walimpa chakula mezani pao na kumwimbisha nyimbo za kulazia watoto, na wema huo hakuusahau.

Muziki wenyewe ulikuwa umemzunguka. New Orleans ya wakati ule maiti alisindikizwa makaburini kwa bendi, harusi na sherehe za vyama ziliandamana na bendi, na watoto walikuwa nyuma yao wakicheza ngoma mchana kutwa. Wazee wetu wangeielewa hali hiyo bila kuelezwa. Miaka hiyo hiyo, huku Mombasa na Lamu, beni zilikuwa zimepamba moto, Kingi na Skochi wakishindana kwa mavazi na magwaride na ngoma kubwa kama za askari, mtaa na mtaa wakigawanyika kwa ajili yake. Yeye na wenzake watatu walikuwa na kikundi chao cha kuimba barabarani, kila mmoja na sauti yake, wakizungusha kofia kuomba senti. Kwa hiyo sikio alikuwa nalo. Lakini mitaa ile ilijaa watoto wenye sikio, na majina yao hatuyajui.

Usiku wa kuamkia mwaka 1913, Armstrong akiwa na miaka kumi na moja, alichukua bastola ya bwana mmoja aliyekuwa akiishi na mamake, akatoka nayo. Ilikuwa desturi ya mji huo kulipua risasi hewani kuukaribisha mwaka. Alifyatua risasi za baruti tupu barabarani, askari kanzu akamkamata kwa nyuma. Asubuhi yake alikuwa mbele ya hakimu wa watoto. Haikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa kwenye daftari la polisi. Hakimu akampeleka katika nyumba ya watoto weusi wasio na walezi, Colored Waif's Home, nje kidogo ya mji, bila kumwambia atatoka lini.

Nyumba hiyo isipambwe. Ilikuwa ni mahali pa adhabu. Iliongozwa na Kapteni Joseph Jones, mwanajeshi wa zamani, pamoja na mkewe Manuella, na mambo yalikwenda kijeshi: watoto waliamshwa kwa buruji, walikula kwa buruji, walilala kwa buruji, na walifanya gwaride kwa bunduki za mbao. Viboko vilikuwepo. Siku za mwanzo Armstrong aligoma kula, maana alichopewa ni maharage meupe matupu bila wali, mpaka njaa ikamshinda akala kama wengine. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo shule yake ya mtaani haikuwa nalo. Palikuwa na bendi, na palikuwa na Mwalimu Peter Davis.

Davis hakumpenda kijana huyu. Alijua anatoka wapi. Kwake yeye mtoto wa Liberty na Perdido alikuwa kirusha fujo tangu kuzaliwa, na aliyaonyesha hayo kwa macho na kwa fimbo. Armstrong alikaa pembeni akiwatazama wenzake wakifanya mazoezi ya bendi na hathubutu kuomba. Aliimba kwenye kwaya ya Bi Manuella Jones na kungoja. Miezi ikapita hivyo. Ndipo siku moja wakati wa chakula Davis akamuuliza kama angependa kuingia kwenye bendi. Kijana alidhani atapewa korneti, akapewa tari.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana hatua zilizofuata zinafaa kutazamwa moja moja. Alilipiga tari vizuri, akapewa ngoma ndogo. Aliipiga ngoma vizuri, akapewa honi ya alto, ala ambayo haimbi wimbo wenyewe. Kazi yake ni kujaza katikati, ili wa mbele wapate pa kusimama. Armstrong aliielewa haraka kwa sababu alikuwa amezoea kuimba sauti ya kati na wale wenzake watatu mtaani. Kisha kijana aliyekuwa akipuliza buruji akachukuliwa na wazazi wake, na buruji likabaki bila mtu. Davis akampa Armstrong. Lilikuwa limeota kutu ya kijani kwa kutosafishwa. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya kupuliza, ni kulisugua kwa dawa ya shaba mpaka likang'aa. Tangu siku hiyo nyumba nzima iliamka na kulala kwa pumzi yake. Hatimaye ndipo Davis akampa korneti na kumfundisha wimbo wa Home, Sweet Home.

Sijui kama Davis alikuwa amepanga njia hiyo kwa makusudi ya kielimu. Huenda alikuwa anampima tu. Lakini angalia alichokwisha kukipata mtoto huyu kabla hajashika ala iliyompa jina. Kwa tari na ngoma alijua kushika mwendo ambao si wake peke yake. Kwa alto alijua kusikiliza wenziwe, maana ukijaza katikati bila kumsikia wa juu na wa chini unaharibu wote. Kwa buruji alijua kwamba akilala yeye, wote wamelala. Mtoto aliyeanza na korneti chumbani kwake pekee huenda akapata vidole vyepesi na midomo imara, ila haya mengine atayapatia wapi?

Davis alimfanya kiongozi wa bendi. Siku moja bendi ilipata ruhusa ya kupita kwa gwaride mtaani kwao, pale pale Liberty na Perdido, na mbele yake alikuwa mtoto waliyemwona akipelekwa na askari. Alivaa sare tofauti kidogo na wenziwe kuonyesha cheo. Wacheza kamari, wanawake wa vichochoroni, walevi, wote walitoka kando ya barabara. Mtu akakimbia kumwamsha Mayann, aliyekuwa amelala mchana baada ya kazi za usiku, ili asimkose mwanawe akipita. Watu wa mtaa ule, ambao mwalimu aliwahesabu kama wahuni, walimwomba ruhusa wampe mtoto wao pesa, na Davis alipokubali walitoa pesa zikajaza kofia kadhaa. Nyumba ile ilinunua sare mpya na ala mpya kwa bendi nzima kwa pesa hizo. Ukiniuliza, siku hiyo aliyefundishwa jambo ni Davis.

Aliachiliwa Juni 1914, baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, akakabidhiwa kwa babake, na baadaye akarudi kwa mamake. Hakutoka akiwa msanii. Alitoka akiwa kijana maskini, na kazi aliyoipata ni ya kusukuma na kupakua makaa ya mawe, tani kwa tani, kwa gari la punda. Usiku alipiga katika vilabu vidogo. Lakini sasa alikuwa na kitu cha kumfanya mpigaji mkubwa amwangalie. Joe Oliver, aliyekuwa akitajwa kuwa mfalme wa korneti mjini, alimwona kijana anayejua kukaa katika bendi, akamchukua kama mwanawe. Armstrong alimtumikia mkewe Oliver vitumwa vya nyumbani, na malipo yake yalikuwa somo. Oliver akampa na korneti yake ya zamani. Alipohamia Chicago, nafasi yake katika bendi ya Kid Ory ikachukuliwa na Armstrong.

Kulikuwa na upungufu mmoja ambao Waif's Home haikuuziba. Hakujua kusoma nota kwa ufasaha. Alipoingia bendi ya Fate Marable, iliyokuwa ikipiga ndani ya meli za mvuke za abiria katika mto Mississippi, alijikuta katikati ya watu wanaofungua karatasi mpya na kuipiga. Marable alikuwa mkali. Wanamuziki wa New Orleans walikuwa wakisema kuingia meli yake ni kwenda chuoni. Mwenzake wa bendi, David Jones, alikaa naye nyakati za mapumziko akimfundisha kusoma. Aliondoka mtoni mwaka 1921 akiwa na sikio la mtaani na macho ya msomi.

Mwaka 1922 Oliver alimwita Chicago. Na alimwita aje apige korneti ya pili. Jambo hili wengi hulipita haraka ili wafike kwenye utukufu, nami naona ndipo ulipo ufunguo wa mtu huyu. Tayari alikuwa na nguvu kumshinda mwalimu wake. Inasimuliwa kwamba walipokwenda kurekodi mwaka 1923, ilibidi asimame mbali kabisa na wenzake kwa sababu pumzi yake ilimfunika Oliver. Lakini kila usiku alikaa chini ya Oliver na kumfuata. Walikuwa na mtindo uliowashangaza wapigaji wengine waliokuja kusikiliza: muziki ukikatika, wawili hao huruka pamoja katika kipande kipya, sauti mbili zikienda sambamba, na hakuna aliyeona wakipeana ishara. Siri ilikuwa kwamba Oliver, kabla ya kufika pale, huchomeka kidogo ndani ya wimbo dalili ya kile atakachopiga, na Armstrong akiisikia tayari ameshatafuta sauti ya kukaa nayo. Hiyo ni alto ya Mwalimu Davis, imekua.

Mpiga piano wa bendi hiyo, Lil Hardin, aliyepata kusoma Chuo Kikuu cha Fisk, alifunga naye ndoa mwaka 1924, na ndiye aliyemwambia kwamba akibaki wa pili milele atakufa wa pili. Akamsukuma aende New York kwa Fletcher Henderson. Aliporudi Chicago alianza kurekodi kwa jina lake na vikundi vya Hot Five na Hot Seven, tangu mwaka 1925 mpaka 1928, na hapo muziki wa jazi ukabadilika. Awali ulikuwa muziki wa wote kupiga kwa pamoja. Yeye akafungua nafasi ya mmoja kusimama na kusema lake. Wapo wanaosema basi alivunja umoja wa bendi. Mimi nikizisikiliza rekodi hizo siusikii uvunjaji. Namsikia mtu anayejua hasa wenziwe wako wapi, ndiyo maana anaweza kwenda mbali na kurudi bila kupotea.

Umaarufu uliofuata unajulikana na sitaurefusha. Alizunguka dunia, alicheza filamu, aliimba kwa ile sauti ya mkwaruzo, na mwaka 1964, akiwa na zaidi ya miaka sitini, wimbo wake Hello, Dolly! uliwaondoa Beatles kileleni Marekani. Vijana wa rangi yake walimlaumu kwamba anacheka sana mbele ya Wazungu. Lakini mwaka 1957, watoto weusi walipozuiwa kuingia shule ya Little Rock, alimshambulia Rais wa nchi yake hadharani na kukataa kwenda Urusi kwa niaba ya serikali. Tena kwa miaka kadhaa hakupiga New Orleans, mji uliomzaa, kwa sababu sheria ya jimbo ilikataza weusi na weupe kupiga pamoja jukwaani, na bendi yake ilikuwa na wote. Alirudi mwaka 1965 sheria hizo zilipokwisha. Afrika alikuja: Accra mwaka 1956, na mwaka 1960 safari ndefu iliyomfikisha Congo na hata Nairobi kwetu.

Nimeyaandika haya kwa sababu mbili. Moja, nikiwasikia watu wakisema wale watoto wa mapanga wa mitaa yetu wafungwe wasitoke tena, humkumbuka mtoto wa miaka kumi na moja mwenye bastola mkononi, na humkumbuka Davis aliyekuwa amekata shauri juu yake kabla hajafungua mdomo. Ya pili inanihusu mwenyewe. Katika shule niliyosoma mimi palikuwa na ngoma mbili na tarumbeta tatu, zimefungiwa stoo, na ufunguo ulitoka wiki moja kabla ya tamasha la muziki ukarudi wiki hiyo hiyo. Waliochaguliwa ni wale waliokwisha kujua. Sisi wengine tulikaa madirishani. Hatukuambiwa tuingie na tari. Sidai kwamba alikuwepo Armstrong kati yetu. Nasema hakuna aliyejaribu kujua. Na gharama si kisingizio kwa watu wa pwani, ambao tari, kigoma na zumari tumezaliwa navyo na mafundi wa kuviwamba wangalipo.

Mwaka 1931, alipokuwa ameshakuwa mtu mkubwa, Armstrong alirudi New Orleans na kuitembelea ile nyumba ya watoto. Ipo picha ya siku hizo: amekaa katikati ya watoto wa bendi na ala zao, na pamoja naye Kapteni Jones na Peter Davis. Davis aliishi akamwona mwanafunzi wake akizeeka.

Armstrong alifariki tarehe 6 Julai 1971 nyumbani kwake Corona, mtaa wa kawaida wa watu wa kipato cha chini huko Queens, New York, ambako alikataa kuhama hata alipokuwa tajiri. Mwaka mmoja kabla, daktari akiwa tayari amemwonya kuhusu moyo wake, alipigwa picha akiwa amekaa kwenye ngazi za mlango wa nyumba yake, tarumbeta mdomoni, na watoto wa jirani wamemzunguka. Mmoja wao naye ameshika tarumbeta, anapuliza pamoja naye.